Magunga: Kila Mgeni na Siku Zake

Ukitoka mjini Homa Bay, unashika njia ya Mbita kisha unageuka kusini kupitia Sindo. Ziwa Victoria linabaki mkono wa kulia, na vilima vya Gwassi vinakupokea. Hapo ndipo ilipo Magunga, soko la Wasuba katika Suba Kusini. Ukiendelea mbele utafika Karungu, ambako ni Kaunti ya Migori.

Mwezi wa Desemba, wenyeji waliotawanyika mijini hurudi. Wapo watokao Nairobi na Mombasa, wapo watokao Kampala na Mwanza. Wote ni watoto wa vilima hivi, lakini muda wao nyumbani haulingani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Afanyaye kazi Jumatatu hadi Ijumaa hupata zaidi ya majuma manne. Mwenzake afikaye kazini hata Jumamosi hupata majuma matatu na nusu, ingawa sheria ni ile ile. Uganda hutoa siku 7 kwa kila miezi minne. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikihesabiwa humo humo.

Tofauti kubwa, hata hivyo, hujitokeza siku ya msiba. Sheria hiyo ya Tanzania inatenga angalau siku 4 zenye malipo kwa aliyefiwa na mzazi, mtoto, mwenzi wa ndoa, ndugu, babu, bibi au mjukuu. Ile ya Kenya haikutenga siku za msiba. Hutegemea mkataba au huruma ya mwajiri. Hivyo kijana wa Nairobi akija Magunga kumzika babu yake, huenda akamega siku kutoka likizo yake ya mwaka. Safari peke yake, kwenda na kurudi, humla siku mbili. Desemba ikifika, akiba imekwisha.

Lakini kwenye uzazi mambo hugeuka. Baba mwajiriwa nchini Kenya hupewa majuma mawili yenye malipo; Uganda ni siku 4 za kazi.

Na wale waliobaki ziwani? Wavuvi wa omena hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Ni mapumziko ya kila mwezi, ila hayana mshahara.

Basi kijana unayemaliza chuo, kabla ya kutia sahihi usiulize mshahara tu. Uliza siku za likizo ni ngapi, zinahesabiwaje, na msiba ukitokea itakuwaje. Mazishi ya Magunga hayangoji ruhusa ya meneja.