Bukavu: Franga ya babu iliyooshwa kwa ndimu

Huko Kadutu, mjini Bukavu, kuna nyumba ambamo kopo la maziwa ya unga limekaa chini ya kitanda tangu wakati wa babu. Ndani mna franga za chuma za wakati wa Wabelgiji: zile za tundu katikati zenye nyota, na mbili za pembe sita zenye tembo. Hizi za tembo ni za 1943. Zilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Mjukuu alitaka kuuza moja ili amalizie minervali ya dada yake. Mnunuzi aliiona kwenye simu, akakubali. Lakini kijana aliona aibu kuipeleka nyeusi vile. Akaikamulia ndimu, akaisugua kwa majivu kama sufuria ya mama. Ikang'aa kweli! Mnunuzi aliigeuza mara mbili, akairudisha. Ilikuwa imejaa mikwaruzo, na rangi imekuwa ya waridi.

Ule weusi haukuwa uchafu. Ni ngozi ambayo shaba nyeupe hujijengea yenyewe kwa miaka. Ndimu, sawa na siki, huila ngozi hiyo, kisha hula zinki iliyo ndani na kuacha wekundu wa shaba. Majivu na dawa ya meno hukwaruza. Mkusanyaji huona hayo upesi, na hakuna anayeweza kuirudisha ngozi.

Ya pili ilikuwa na udongo tu. Safari hii kijana aliiloweka siku mbili katika maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa betri za magari (si asidi ya betri, tafadhali, chupa hufanana). Udongo ukalegea. Akaishika ukingoni, akaikausha kwa kuigusa-gusa na kitambaa laini bila kusugua. Kama ingekuwa na mafuta, asetoni tupu ingefaa, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Si ile ya rangi ya saluni. Sasa imo katika karatasi kavu, maana mfuko laini wa plastiki huacha utando wa kijani.

Bado ni nyeusi. Mnunuzi amesema atapita tena mwisho wa mwezi. Shule inataka minervali Jumatatu.