Alovera ya Mama, Salfa ya Mjomba na Dada Staa Aliyenipiga Bloku

Leo sina ubuyu wa ndoa ya mtu. Nina kisa cha ua, na msicheke.

Mama alifariki 2021. Aliniachia kanga mbili na alovera kwenye ndoo ya rangi, hapa hapa Lulindi. Alovera ile ndiyo alinipaka wakati ananiachisha ziwa, ndo maana mpaka leo nikisikia neno shubiri ulimi unakunja, hahaha.

Sasa mwezi wa 6 nikajiingiza kwenye fasheni. Kuna dada mmoja wa Dar, staa, jina nalihifadhi, anauza sakulenti. Video zake sasa! Nikatuma 25,000, boksi likaja na basi mpaka Masasi, ndani sakulenti tatu kama vikombe vya waridi. Nikazipanga dirishani pembeni ya alovera ya mama. Dada anasema mwagilia kila siku, na mimi huyo, kila siku. Mtu anayenunua maji kwa ndoo, jamani.

Wiki ya tatu naona vitu vyeupe kwenye makwapa ya majani. Nikamwita mjomba, maana yeye na mikorosho wameoana.

"Mpwa wangu, hiyo ubwiri unga hiyo. Piga salfa."

"Sawa mjomba."

Nikapiga, ndani ya chumba! Nilikohoa siku mbili na majani yakabaki na madoa. Vyeupe vikaongezeka.

Simlaumu mjomba. Ubwiri unga ni ukungu, unalala juu ya jani la mkorosho kama mtu kamwaga unga, na salfa inaukomesha kweli. Kilichoniamsha ni sisimizi. Walikuwa wanapanda ndoo kwa foleni kama wanaenda mnadani. Nikajiuliza, sisimizi anafuata nini kwenye ukungu? Nikachokonoa kile cheupe na kijiti. Kikatembea! Nyie, nilirusha kijiti.

Ni wadudu. Wanaitwa vidung'ata, wanavaa nta kama pamba, wanafyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi wanakuja kunywa, na kwa malipo wanawalinda. Ndugu zao walikula sana mihogo ya Afrika miaka ya 70, wakitokea Amerika Kusini, mpaka ilipoletwa nyigu mdogo kutoka kulekule. Walianza kumwachia Nigeria 1981, na mtaalamu aliyeongoza kazi ile, Hans Herren, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani 1995. Mimi nyigu sina. Nikaenda duka la dawa kununua spiriti.

Unachovya kijiti cha masikio, unamgusa mmoja mmoja, rangi inabadilika anakufa. Baada ya siku chache unarudia, maana mayai yanabaki yamejificha. Nilirudia wiki nne. Zile tatu za staa nilizitoa nje mbali, mbili nikazichoma. Nilimtumia picha inbox, nikaandika kwa adabu kabisa. Akasoma. Akanipiga bloku.

Ila kilichoniumiza zaidi ni maji. Nilipoivuta alovera ya mama ikatoka kama ugali uliochacha, mizizi meusi, inanuka. Wadudu nilishawamaliza, kumbe mimi mwenyewe naiozesha kwa chini. Nilikaa kizingitini nikalia, sitaki kudanganya.

Pembeni kulikuwa na mtoto mmoja, urefu wa kidole. Nikamkata kwa kisu safi mpaka penye nyama isiyo na weusi, nikamwacha kivulini siku nne kidonda kikauke, ndio nikampanda kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo. Ndoo ileile, nimeiosha na kuitoboa chini. Wiki nzima sikumpa tone. Sasa nachomeka kidole kwanza, udongo ukiwa mkavu kabisa ndo namwagilia.

Ana majani matano. Juzi mama mdogo kaja kuomba jani, anamwachisha ziwa mwanae. Nimemwambia, mama mdogo nisamehe, nenda kwa jirani, huyu bado naye ananyonya.