Punda Chini ya Miembe

Wazee wetu wa Kiborana husimulia farasi, farda kwa lugha yetu, waliopandwa malishoni zamani. Mimi farasi sikurithi. Nina punda jike mmoja, anayenibebea magunia kutoka shambani hapa Rapsu, ambako maji ya mifereji yametuotesha miembe na migomba katikati ya nchi ya wafugaji. Kupanda miti tulijifunza upesi. Kumlisha mnyama ndani ya shamba la matunda, mimi bado najifunza.

Msimu mmoja maembe yalizidi wanunuzi, nikamfungulia punda aingie chini ya miembe. Nilidhani namlipa jasho lake. Majani yalikuwa yamerefuka kati ya mashina, na maembe yaliyoanguka yalishaanza kuchachuka, yakinuka kama pombe. Nilimtazama akila, moyo ukanitulia, kama mtu aliyekaribisha mgeni akamwona ameshiba.

Kesho yake alisimama kivulini, kimya. Hakugaagaa, hakulia. Nikasema amechoka, mwache apumzike. Akko, nyanya yangu, ndiye aliyeinama akaweka kiganja kwenye kwato zake za mbele, kisha akaniita nishike nami. Zilikuwa za moto.

“Huyu anaumwa tangu usiku, mwanangu,” akasema. “Punda hakuambii.”

Daktari wa mifugo alinieleza ambayo ningepaswa kuyauliza mapema: farasi na punda hawawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia tumboni hakirudi. Sukari nyingi ya ghafla huchachuka humo ndani, na madhara yake huteremka hadi kwatoni. Kokwa nayo ingeweza kumkwama kooni. Alipona, ila kwa wiki nyingi alikanyaga ardhi kama anayepita juu ya makaa.

Siku hizi naokota maembe alfajiri kabla sijamfungua, na miembe nimeizungushia ua wa miiba ya mgunga, maana kiangazi punda hutafuna hata magome. Embe moja moja nampa kwa mkono, nimeshaitoa kokwa. Ua nimeuweza. Ukimya wake ndio sijauweza. Niliusoma kuwa ni shibe, nao ulikuwa maumivu. Na tangu hapo najiuliza ni akina nani nyumbani kwangu niliowahi kusema wamechoka, nikapita.

Jioni nikimfunga, hupitisha kiganja kwatoni. Huwa baridi. Hata hivyo hubaki nimechuchumaa pale kidogo, mkono wangu ukiwa bado juu yake.