Mashine Zisizosalimiana

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Ogembo. Mama alifanyiwa upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya huku kwetu. Tunamshukuru Mungu, sasa anasonga ugali mwenyewe.

Usiku wa kwanza nilikaa kando ya kitanda chake. Monita ilionyesha 02:10. Pampu ya dawa ilionyesha 01:47.

"Sista, ukiandika unafuata saa ipi?"

"Yangu ya mkononi," akacheka. "Stima ikipotea, hizo nazo hupotea njia."

Alfajiri presha ya mama ilishuka. Daktari akauliza: ilishuka kabla ya dawa au baada yake? Mashine zote mbili zilikuwa na kumbukumbu, ila kila moja kwa saa yake. Kilichotuokoa ni karatasi ya sista. Nyuma ya monita niliona tundu la kebo limejaa vumbi. Mashine ile inajua kutoa data, lakini hakuna aliyewahi kuiuliza.

Haya, tuje kwenye mada. Ukitaja teknolojia ya upasuaji, wengi hufikiria roboti. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York alimtoa mgonjwa kifuko cha nyongo kule Strasbourg, Ufaransa, kwa roboti iitwayo ZEUS. Ishara ilichelewa takriban milisekunde 155 tu. Ajabu kweli! Lakini ile ilikuwa laini maalumu na mafundi waliojiandaa. Chumba cha kawaida cha upasuaji kina mashine za makampuni mengi, na hazisalimiani.

Matokeo yake yanaweza kuwa kifo. Kuna kisa cha Marekani kilichochapishwa miaka ya 2000: mgonjwa akitolewa nyongo, mashine ya kupumulia ilisimamishwa kidogo ili picha ya eksirei isitikisike. Haikuwashwa tena kwa wakati, mgonjwa akafariki. Kwa mwanaprogramu suluhisho ni wazi: eksirei na mashine ya kupumulia zizungumze, picha ipigwe kati ya pumzi na pumzi. Mradi wa MD PnP ulioanza Boston mwaka 2004 umepigania hilo, na leo kuna viwango vya IEEE 11073 SDC vya kuunganisha vifaa hivyo.

Msiniambie hatuwezi. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. Kabla ya kuota roboti, tulinganishe saa kwanza, na hospitali inaponunua mashine idai kwenye mkataba kwamba data yake isomeke.

Nimemwahidi sista nitarudi na kebo na programu ndogo, kama wakubwa wake watakubali. Itasoma tu, haitaamuru mashine yoyote. Kosa la kusoma hurekebishwa. Kosa la kuamuru huzikwa.

Nawe unayefanya kazi hospitalini, saa za mashine zenu zinalingana? Hebu kaangalie, uniambie.