Nyumba Hini Haipendi Chuma

Ukuta wa nyumba ya kale ya Lamu haukatai msumari, na hapo ndipo shida inapoanzia. Unagonga mara mbili tatu, msumari unazama kama kisu kwenye kitumbua, halafu ukiugusa kwa kidole unacheza. Unasogea kidogo pembeni, unagonga tena, safari hii unakutana na jiwe. Msumari unapinda, na kipande cha lipu ukubwa wa sahani kinakuangukia miguuni. Sasa una matundu mawili na picha bado iko sakafuni.

Aliyeyapitia hayo katika chumba ninachoishi ni mpangaji aliyenitangulia. Simjui, lakini tundu lake ninalo, limevimba kando na lina mchirizi wa kutu kama chai iliyomwagika. Siku nilipokwenda kukiona chumba, huku Mkomani, ghorofa ya kwanza, bibi mwenye nyumba alinipeleka kwenye tundu hilo kabla hajanionyesha choo.

"Waona? Mwanangu, nyumba hini haipendi chuma."

Kodi tulielewana haraka. Sharti la msumari ndilo alilolirudia mara tatu.

Mimi nilisoma uhandisi wa ujenzi miaka miwili na nusu. Niliondoka karo ilipokatika, baada ya baba kufariki, na hilo nimeshalieleza kwa watu wa kutosha. Nilitoka na vitu vichache kichwani, kimojawapo uwiano wa zege: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Kuhusu chokaa sikumbuki hata mhadhara mmoja. Kwa hiyo ukuta wangu nimeusoma kwa bibi, kwa mafundi wanaokaa kivulini wakisubiri kazi, na kwa kuutazama tu nikiwa nimelala.

Ndani mna mawe ya tumbawe, yaliyochimbwa kwenye miamba ya zamani ya bahari. Yameshikanishwa kwa udongo wa chokaa, na chokaa yenyewe ni tumbawe lililochomwa kwenye tanuu la magogo mpaka likawa unga. Juu yake lipu ya chokaa, kisha chokaa ya kupaka, mkono juu ya mkono, miaka na miaka. Unene wake wote unakaribia nusu mita. Ukuta wa namna hii unanyonya unyevu na kuutoa. Wakati wa masika unaulalia shavu unasikia ubaridi wa maji, ikifika kaskazi unakauka. Ukitia chuma humo, chumvi inakila, kutu inavimba, na lipu inapasuka kutoka ndani. Ukiziba tundu kwa saruji ndio umeharibu kabisa: saruji haipumui, unyevu unajificha nyuma yake, na chokaa ya jirani inaanza kubomoka unga unga. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini hakuna mtu atakayepanda ngazi kuja kukuuliza kuhusu msumari mmoja. Anayeuliza ni bibi.

Na mimi nilikuwa na picha ya kutundika. Moja tu.

Ni ya baba. Kwetu ni Faza, kisiwani Pate, na moto wa mwaka 2009 ulipopita mjini ulichukua kila kitu cha karatasi tulichokuwa nacho: vyeti, barua, albamu. Picha hii ilisalimika kwa sababu ilikuwa Mombasa kwa shangazi. Baba amesimama ufukweni, suruali imekunjwa magotini, nyuma yake rundo la boriti. Alikuwa mkata mikoko. Alihesabu kwa korija, miti ishirini ishirini, na mti angeushika tu gizani akakwambia huu ni fito, huu pau, huu mazio, huu boriti, huu nguzo. Shangazi aliikuza picha, akaitia fremu ya mbao na kioo, akampa mama.

Nyumba ya mama iliyojengwa baada ya moto ni ya matofali ya saruji. Ukuta ule unakubali msumari, mradi uwe wa chuma kigumu na fundi awe na mkono mzito. Sebuleni ipo misumari miwili, sawasawa kwa kimo. Mmoja umebeba picha ya kaka yangu siku ya mahafali, na joho na kofia. Wa pili hauna kitu. Niliposema nimepata chumba Amu, mama aliifunga picha ya baba kwenye leso, akanipa.

"Weka kwako. Kwangu hapana nafasi."

Tulikuwa tumekaa chini ya ule msumari mtupu. Hakuna aliyeutazama.

Basi nikafika na fremu ya kilo moja na ushei na ukuta usiotaka chuma. Kwanza nilinunua vile vishikizo vya plastiki vyenye gundi nyuma, vinavyosifiwa kwamba haviachi alama. Kwenye ukuta wa rangi ya mafuta vinakaa vizuri. Kwenye chokaa vinashika vumbi. Nilikijaribu kimoja nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, nikakining'inizia kufuli. Asubuhi kilikuwa chini, kimebandukana na ngozi nyembamba ya chokaa. Gundi yenyewe ilikuwa nzima, na chokaa ndiyo iliyoachana na ukuta.

Pili, dari. Boriti za chumba changu hazifiki mita tatu, kama zilivyo katika nyumba nyingi za hapa. Urefu wa mkoko ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kama mashua. Kwenye boriti moja mna kulabu ya zamani ya kutundikia taa. Nilifunga uzi wa kuvulia, picha ikashuka mpaka usawa wa macho bila kugusa ukuta. Mafundi waliniambia wazo si baya, na si geni pia: Waingereza wa enzi za Malkia Victoria walizungushia kuta zao ubao mwembamba huko juu, wakaning'iniza picha kwa kulabu na kamba ili lipu isitobolewe. Uzito unabebwa na mbao, ukuta unaguswa tu. Kama kwako dari ina mbao imara, fanya hivyo. Kwangu kulabu iko katikati ya chumba. Upepo wa jioni ukiingia, baba anageuka taratibu, ananitazama, ananipa kisogo, ananitazama tena. Siku tatu zilinitosha.

Bibi alipopanda kuchukua kodi alimkuta akizunguka. Akacheka mpaka akakaa.

"Na zidaka je?"

Kusema kweli, zidaka nilizifanya rafu. Ziko sita kwenye ukuta wa ndani, mistari miwili, na humo nilitia chaja, mswaki, pakiti za tambi. Ndicho tunachozifanyia wengi siku hizi. Lakini waliozijenga walikuwa wameshalifikiria swali langu. Nyumba kubwa za karne ya 18 zina kuta nzima za zidaka zilizonakshiwa kwa lipu, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, vitabu, vitu vya thamani. Kitu cha kuonyeshwa hakikubandikwa juu ya ukuta, ukuta uliachiwa nafasi ya kukipokea. Hata palipotakiwa kutundika, mahali paliandaliwa mapema: katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kuna matundu ya vigingi vya mbao, vinavyodhaniwa vilibeba mazulia ya ukutani. Tundu linalotengenezwa na fundi wakati lipu ni mbichi linadumu. Lile la mpangaji na nyundo yake linabomoka.

Bibi akaongeza la kwake. Picha ya mtu isikae mbele yangu nikiswali. Wako hapa wasiotaka kabisa sura ya mtu ukutani, wanaweka Ayatul Kursi au picha ya Makka, na sikutaka kubishana naye. Kibla chetu ni kaskazini, zidaka zangu ziko kusini. Alitosheka.

Nikatoa tambi. Kidaka cha katikati kilikuwa na kimo cha kutosha, kikazidi kwa vidole viwili. Niliweka vipande viwili vya mti chini ya fremu isikalie chokaa, na kizibo cha chupa nyuma kila kona, hewa ipite. Unyevu unaua karatasi kuliko jua. Kila baada ya siku chache naipangusa kioo.

Mama alikuja baada ya Idi, kwa boti ya asubuhi. Hakusalimia chumba, alikwenda moja kwa moja kwenye kidaka, akapitisha mkono nyuma ya fremu.

"Pakavu," akasema.

Akakaa kitandani. Tulikunywa chai, tukazungumza bei ya nauli na ugonjwa wa jirani. Kisha nikauliza, kwa sababu ningengoja mwaka mwingine nisiulize:

"Msumari ule bado upo?"

"Upo."

"Si uutoe, mama."

"Ule ukuta ni wa saruji. Ukiung'oa, waacha tundu."

"Picha ya joho haiji."

Alitazama chai yake. Nje punda alilia na mtu akamfokea. Nikamwambia ninayo picha moja, niliyopigwa na rafiki gatini, nimeshika daftari, nguo za kawaida. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani limeishia hapo.

"Iwe na fremu," akasema. "Na ukubwa uwe sawa na ya kakako, zisije zikapishana."