Barabara ya Kilwa na jezi ya taifa

Mimi nipo, semesta ndiyo hiyo inakatika, test zimepangana kama abiria wa Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Leo sina stori ya bumu wala ya mapishi ya chumbani. Nina suala la nyumbani Kivinje, na kwa kuwa wengi mnaopita hapa ni watu wa mpira, nalimwaga hapa hapa tusaidiane.

Iko hivi. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ana miaka 16, winga wa kushoto. Sisemi kwa sababu ni damu yangu, lakini dogo anajua. Wanacheza ufukweni maji yakikupwa, na maji yakijaa mechi imekwisha, hakuna cha dakika za nyongeza. Sasa mjomba anataka kumtoa shule aje naye Dar kufanya majaribio kwenye timu za vijana. Na ninyi wa Kusini mnajua, mjomba akishasema baba mwenyewe anakohoa tu. Basi mama akanipigia: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, huyu mtoto kwenye hiyo timu ya taifa atafika au hafiki?"

Duh! Wiki nzima nahudhuria lecture Yombo nikiwa na hilo swali kichwani.

Mama akisema timu ya taifa anajua moja tu, Taifa Stars. Lakini ukikaa hapa Mlimani unagundua zipo nyingine. Tuna uwanja wa kriketi hapa hapa chuoni, na Septemba 2024 zilichezwa hapo mechi za kanda za kufuzu Kombe la Dunia la T20. Vijana wamevaa jezi zimeandikwa TANZANIA kabisa. Nilisimama pembeni na washkaji kama nusu saa hivi, hatujui nani anaongoza. Jezi ya nchi yangu, wimbo wa taifa ni ule ule, ila moyo umetulia tuliii. Na raga ndiyo usiseme. Inachezwa Arusha na hapa Dar, lakini mtoto wa Kivinje ule mpira wenye umbo la yai hajawahi kuushika.

Nikajiuliza, kwa nini? Maana siyo kwamba Watanzania wa kriketi hawafanyi kitu. Mwaka 1975, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kule Uingereza, ilikuwepo timu inaitwa Afrika Mashariki, imeunganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Walicheza mechi tatu wakapoteza zote, lakini walikuwepo! Wachezaji wengi walikuwa wenye asili ya Asia, kwa sababu kriketi ilikaa kwenye klabu zao za mjini. Na juzi tu, Aprili 2025, vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 kwa mara ya kwanza. Niambieni ukweli, wangapi mlijua? Nikiwa Kivinje hata mimi nisingejua.

Jibu nililolipata ni hili: timu inakuwa ya taifa pale ambapo mtoto wa sehemu yoyote anaiona njia ya kuifikia. Mpira wa miguu unaanzia kwenye chandimu, nailoni na kamba tu, hata Songosongo wanacheza. Kriketi inataka gongo, uwanja, mwalimu anayeijua, na shule iliyo tayari.

Majirani zetu wanatufundisha hapo. Kenya mwaka 2003 waliishinda Sri Lanka pale Nairobi, wakaenda hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, wakatolewa na India. Kina Steve Tikolo na Maurice Odumbe. Dunia ikasema haya sasa, Afrika Mashariki imefika. Miaka 11 baadaye, 2014, Kenya hiyo hiyo ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu zilikuwa nyingi, ugomvi wa viongozi ukiwemo, lakini kikosi kile kilitoka klabu chache za Nairobi na familia chache mno. Wakubwa walipochoka, nyuma yao foleni ilikuwa fupi. Angalia sasa raga yao ya wachezaji saba: walichukua ubingwa wa Singapore mwaka 2016 kwa kuwapiga Fiji 30-7 fainali, 2023 wakashushwa kwenye mashindano makubwa ya dunia, 2024 wakarudi. Wanaanguka wanainuka, kwa sababu shule zao za sekondari zinacheza raga, kila mwaka wanakuja wapya. Na Waganda, ambao nao wanacheza kriketi mashuleni, walikwenda Kombe la Dunia la T20 la 2024 wakaishinda Papua New Guinea.

Kwa hiyo swali la mama si la kipaji tu, ni la njia. Sasa njia ya dogo ikoje?

Tuanze na Stars wenyewe. Mwaka 1979 pale Ndola, sare ya 1-1 na Zambia, bao la Peter Tino, tukaenda AFCON ya 1980 Nigeria. Halafu tukakaa miaka 39! Nakumbuka tarehe 24 Machi 2019 tulivyojazana kibanda umiza, Stars wakaichapa Uganda 3-0 tukafuzu tena. Wazee wa Kivinje walikuwa wanafuta machozi kwa kofia. Hakuna aliyeuliza mfungaji ni wa mkoa gani. Tangu hapo tumezoea kidogo: tumekwenda ile iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024, na ile ya Morocco tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza kwa pointi mbili tu, wenyeji wakatutoa 1-0 Januari 2026. Watu wa kwetu wanaipenda hii timu kama mali yao. Ila kuipenda ni kitu kimoja, na mtoto wao kuichezea ni kitu kingine.

Mjomba hoja yake ni Samatta. "Samatta alisubiri cheti?" Basi nikamjibu kwa heshima zote: Mjomba, Samatta ni kijana wa Mbagala. Na Mbagala iko wapi? Iko Barabara ya Kilwa! Barabara imebeba jina letu, lakini yeye alikuwa mwanzo wake na sisi tuko huku mwisho. Mbagala na Uwanja wa Mkapa zote ni Temeke. Akacheza African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa, akafunga hadi Wembley mwaka 2020 kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mtu wa klabu akitaka kumwona alipanda daladala. Kumwona dogo kwetu ni karibu kilomita 300, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika pale Somanga, hata samaki hawakupita seuze kocha.

Shuleni kwake kuna mpira mmoja wa ngozi, unafungiwa ofisini. UMISSETA ipo, ni kweli, ila ili aonekane inabidi atoke wilayani, aende mkoani, ndipo taifa. Namungo ya Ruangwa ilipanda ligi kuu 2019 ikafika hadi makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, mkoa mzima tukavimba vichwa. Lakini hata Ruangwa kwa mtoto wa Kivinje ni safari.

Hapo ndipo mjomba alinibana. Akasema: "Kwa hiyo ukishasema njia ni mbali, ndiyo asianze kutembea? Akimaliza form four ana miaka 17, wenzake wa Dar wako akademi tangu wana 12." Wadau, hapo sikuwa na majibu ya haraka. Mzee yuko sahihi. Kila mwaka dogo anaongeza umri, kipaji hakimsubiri.

Lakini nawajua pia vijana wa kwetu waliotolewa shule wakaletwa Dar "kwenye mpira". Mmoja anauza maji Mbagala Rangi Tatu, nikipita huwa tunasalimiana. Alikuwa namba kumi hatari sana. Aliumia goti mwezi wa pili, na shuleni jina lilishafutwa.

Nimemwambia mama hivi. Shule asitolewe. Desemba akifunga, nauli natoa mimi kwenye bumu, aje alale kwangu wiki tatu, mjomba ampeleke majaribio yote anayoyajua. Wakimchukua timu yenye shule, ahamie. Wasipomchukua, Januari anarudi kuanza kidato cha nne, na mwakani acheze UMISSETA kwa nguvu zote. Atafika au hafiki, mama, hilo mimi sijui. Ninachotaka ni aonekane na mtu, na akirudi akute dawati lake.

Mama amesema atazungumza na kaka yake. Mjomba hajanipigia tangu juzi, hehehe, na akinyamaza hivyo jueni bado anapiga hesabu.

Wenye ndugu waliopita njia hii semeni basi, hasa mnaojua timu za vijana zinazochukua mtoto pamoja na shule. Desemba haiko mbali. Tuko pamoja.