Shujaa Aliyeruka Winguni

Jioni moja umeme ulikatika hapa kambini kwa polisi Nsambya, nami nikawasimulia wanangu habari za Kibuuka, ambaye Waganda wa kale walimwabudu kuwa mungu wa vita.

Yasimuliwa kwamba zama za Kabaka Nakibinge, Buganda ilipopigana na Wanyoro, Kibuuka alitoka visiwa vya Ssese kuja kumsaidia mfalme. Jina lake latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kuruka. Naye aliruka, akajificha winguni, akawashambulia adui kutoka juu. Lakini alimpenda mateka wa Kinyoro, akamfunulia siri yake. Mwanamke yule akatoroka, akawaarifu watu wake, nao wakaelekeza mishale winguni. Kibuuka akajeruhiwa, akaangukia mti huko Mbaale, katika Mawokota, akafa.

Nilikusudia kuwafunza watoto kutunza siri, jambo liipasalo kila nyumba ya askari. Kesho yake mwanangu wa miaka tisa akaniletea daftari. Ameiandika hadithi upya: mishale imegeuka mvua, na Kibuuka ameshuka salama, akaenda kwao kula matoke.

Mimi niliyesomea ualimu nikashika kalamu nyekundu. Nikamweleza kwamba Kibuuka alikufa, hata vitu vilivyotunzwa kuwa masalio yake vilipelekwa Cambridge, Uingereza, vikarudishwa Uganda mwaka 1962.

Akanisikiliza, kisha akauliza: "Mama, ikiwa yeye arukaye alikufa, je, baba aendaye kwa miguu?"

Mume wangu alikuwa kazini mbali, na siku ya nne ilikuwa imepita bila simu. Nikaiweka kalamu chini. Kumbe mtoto hakuikosea hadithi. Alikuwa akimwombea babake. Huenda hata wazee waliompa shujaa wao wingu la kujifichia walikuwa na jamaa zao vitani.

Sikumdanganya. Nikamwambia sijui siku atakayorudi baba, ila yuko pamoja na wenziwe, nasi twamngoja. Kisha nikamwomba aongeze ukurasa mmoja: watu wa nyumbani kwa Kibuuka walifanya nini walipokuwa wakimngoja? Akaandika: "Walimwekea chakula."

Usiku ule tulipakua sahani moja zaidi, tukaifunika. Baba alirudi wiki iliyofuata, akalisoma daftari kabla hajavua viatu.

Wazazi wenzangu, mtoto akiibadili hadithi, tumuulize kwanza anamhofia nani.